Simu Imejaa Picha: Mwongozo wa Kuzihifadhi, Kuzituma na Kuzisafisha

Maswali ni yaleyale kila mara. Simu imeandika memori imejaa, nifute zipi? Picha niliyopeleka studio imetoka na ukungu wakati kwenye simu inang'aa, kosa la nani? Simu imeibiwa, nitazipataje picha za mtoto? Anayeuliza la tatu kwa kawaida amechelewa, ndiyo maana tunaanza na kuhifadhi, kisha kutuma, na kusafisha, yaani kuzichapa kwenye karatasi, kunakuja mwishoni.

Kuna jina moja utaliona humu mara nyingi: picha mama. Hili ni faili lililotoka kwenye kamera lilivyo. Halijapita WhatsApp, halijapigwa skrinishoti, halijapakwa vipodozi vya programu. Nyingine zote ni watoto wake, na mtoto harudi kuwa mama. Kazi nzima ni kujua picha mama ziko wapi, na kuhakikisha haziko mahali pamoja tu.

Vitu vya kuandaa

- Kompyuta yoyote inayowaka na kusoma USB, hata ya kuazima.
- Diski mbili za nje za TB 1 kila moja, zile za kawaida zenye sahani ndani. Flashi ni ya kubebea picha kwenda na kurudi, si ya kuzitunzia miaka.
- Waya wa USB unaopitisha data. Waya nyingi za bei ya chini zinachaji tu, na hapo ndipo wengi hukwama dakika ya kwanza.
- Akaunti moja ya mtandaoni (Google au iCloud) ambayo nywila yake unaikumbuka, na uthibitisho wa hatua mbili umewashwa.
- Flashi ndogo ya GB 8 au 16 ya kupeleka studio. Hiyo isiwe na kazi nyingine.
- Kalamu ya wino usiofutika na lebo mbili: A na B.

Nunua diski kwa ukubwa unaouhitaji. Picha moja ya megapikseli 12 ina kati ya MB 3 na 5, tuseme 4. Familia yenye simu tatu inayopiga picha 600 kwa mwezi inajaza kama GB 2.4 kwa mwezi, takriban GB 29 kwa mwaka. TB 1 itakutosha miaka mingi, ila video ndiyo mlaji: dakika moja ya video ya 1080p inaweza kufika MB 130, na ya 4K zaidi ya MB 300. Dakika kumi za mwali akiingia ukumbini zinaweza kuzidi picha za mwezi mzima.

Ukiuziwa diski au flashi ya "TB 2" kwa bei ya chakula cha mchana, ujue ni feki. Ndani kuna GB 16 au 32 zilizodanganywa zionekane kubwa. Picha za mwanzo zitaingia vizuri, za baadaye zitaandikwa juu yake au kupotea kimya. Kabla ya kuweka chochote, jaribu kifaa kipya kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Programu hizi zinajaza diski yote kisha zinasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Diski kubwa inaweza kuchukua saa nyingi, iache usiku kucha. Ikifeli, irudishe dukani siku hiyohiyo.

Hatua ya 1: Kusanya kutoka kila simu

Unganisha simu kwa waya, ifungue kwa namba yake ya siri, kisha kwenye ujumbe unaotokea juu chagua kuhamisha mafaili, si kuchaji. Kwenye Android picha za kamera ziko kwenye folda ya DCIM, ndani yake Camera. Picha za WhatsApp haziko hapo. Kwa simu za Android 11 na kuendelea, fuata njia hii:

Android > media > com.whatsapp > WhatsApp > Media > WhatsApp Images

Ndani yake kuna folda inayoitwa Sent, yenye picha ulizotuma wewe. Hizo ni watoto wa picha ambazo tayari unazo DCIM, kwa hiyo ziache. Ulizotumiwa na wengine zichukue, maana mama yake yuko kwenye simu ya mtu mwingine na huenda usimpate tena.

Kwa iPhone, kabla ya kuunganisha na Windows, ingia Settings, sehemu ya Photos (kwa iOS 18 na kuendelea iko ndani ya Apps), shuka hadi chini kabisa kwenye kuhamishia Mac au PC, uchague "Keep Originals". Bila hivyo simu inajaribu kugeuza kila picha njiani, na mara nyingi inakata mawasiliano katikati. Angalia pia kama "Optimise iPhone Storage" imewashwa. Kama ndiyo, huenda simuni umebakiwa na vipicha vidogo tu, picha mama ziko iCloud, na waya hautakupa usichokuwa nacho. Hizo zishushe kutoka iCloud yenyewe kwa kompyuta.

Nakili, usikate. Amri ya kukata ikikatizwa na umeme au waya kulegea, unaweza kubaki na faili nusu huku na sifuri kule. Kwa sasa usifute chochote kwenye simu.

Huna kompyuta? Adapta ya OTG inaunganisha flashi au diski moja kwa moja kwenye simu nyingi za Android, na programu ya Files ya Google inanakili. Tahadhari tu kwamba diski yenye sahani inakula umeme kuliko simu nyingi zinavyoweza kutoa. Itawaka, italia kidogo, itazima. Kwa njia hii tumia SSD ndogo, diski isiyo na sahani, halafu uhamishie kwenye diski A siku ukipata kompyuta.

Hatua ya 2: Panga folda kwa tarehe

Usianze kwa kupanga kwa watu. Picha moja ya Idi ina bibi, wajukuu saba na jirani. Utaiweka folda ya nani? Panga hivi:

Picha > 2024 > 2024-05-12 Harusi ya Kigamboni

Mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kwa tarakimu. Ukiandika 12-05-2024, kompyuta itapanga tarehe 12 zote za miaka yote pamoja. Picha za kila siku zisizo na tukio ziingie folda ya mwezi: "2024-05 Nyumbani". Hazihitaji zaidi ya hapo.

Ukitaka kila faili lijiite kwa tarehe na saa iliyopigwa, tumia ExifTool, programu ya bure. Kwenye Windows inashuka ikiitwa exiftool(-k).exe, ibadilishe jina iwe exiftool.exe, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwenye folda iliyomo, kisha andika:

exiftool -r "-FileName<DateTimeOriginal" -d "%Y-%m-%d_%H%M%S%%-c.%%e" "D:\Picha\2024"

Ijaribu kwanza kwenye nakala ya folda yenye picha kumi. Inasoma tarehe iliyoandikwa ndani ya picha na kamera, kwa hiyo haitabadilisha picha za WhatsApp, kwa sababu WhatsApp inapoibana picha inaifuta hiyo tarehe. Picha inayoitwa IMG-20240512-WA0007 inakuambia mambo mawili tu: iliingia au ilitoka kwenye WhatsApp tarehe 12 Mei 2024, na ilikuwa na namba 0007 kwenye hesabu ya siku hiyo. Haikuambii ilipigwa lini. Picha ya utotoni mwako iliyotumwa jana na shangazi itabeba tarehe ya jana. Za namna hiyo zipe jina kwa mkono: "1987 takriban, Shangazi na Mama, Tanga".

Majina ya watu yaandike sasa, wazee wakiwepo wa kuulizwa. digiKam, nayo ya bure, inaweza kuweka majina ndani ya picha yenyewe yakaenda nayo popote itakapohamia. Washa tu mpangilio wa kuandika taarifa ndani ya mafaili, la sivyo yatabaki kwenye kompyuta ile moja.

Hatua ya 3: Chuja

Hapa ndipo nafasi inapopatikana. Anza na vitu visivyo picha: kadi za "Asubuhi njema" zenye maua na kikombe cha chai, skrinishoti za ujumbe wa muamala, matangazo ya viwanja, video za vichekesho zilizorushwa kundini. Vifute bila huruma.

Kisha zilizojirudia. Czkawka na dupeGuru zinatafuta picha zinazofanana hata kama ukubwa umetofautiana. Tatizo ni kuchagua ya kufuta. Programu haijui mama ni yupi, inajua tu zinafanana. Kabla ya kubonyeza, angalia vipimo: yenye pikseli 4000 kwa 3000 ndiyo mama, ya 1600 kwa 1200 imepita WhatsApp. Usiruhusu programu ichague yenyewe zote kwa mkupuo.

Picha 14 za keki ileile? Bakiza mbili. Lakini usikae hapo wiki nzima. Kuchuja kusikokwisha ndiko kunakowafanya watu wasifike hatua ya nne, na hatua ya nne ndiyo inayookoa picha. Heri uhifadhi uchafu kidogo kuliko kubaki na nakala moja safi.

Hatua ya 4: Nakala mbili, nyumba mbili

Ulichokipanga kiko diski A. Sasa kiende diski B.

Angalia kwanza mfumo wa diski, yaani namna inavyopanga mafaili ndani yake. Ikiwa utatumia Windows na Mac, iwe exFAT. Ikiwa ni Windows tu, NTFS. FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hivyo video ndefu ya harusi itakataa kuingia hata nafasi ikiwepo tele. Kubadili mfumo kunafuta kila kitu, kwa hiyo fanya diski ikiwa tupu.

Kwa Windows, kama A ni D na B ni E, fungua Command Prompt uandike:

robocopy "D:\Picha" "E:\Picha" /E /R:2 /W:5

Amri hii inanakili ambavyo B haina na ambavyo vimebadilika, haifuti kilichomo B. Ukikatika umeme katikati, irudie tu, itaendelea ilipoishia. Utaona watu wakikushauri uongeze /MIR. Usiongeze kama hujaielewa: /MIR inafanya B ifanane na A kabisa, ikiwa pamoja na kufuta. Ukifuta folda A kwa bahati mbaya halafu ukaendesha /MIR, umeifuta kote kuwili. Asiyependa kuandika amri atumie FreeFileSync, achague "Update" badala ya "Mirror".

Ikimaliza, fungua picha kumi kutoka B, za mwanzo, za katikati na za mwisho, na video mbili. Zifungue kweli, zicheze. Kuona orodha ya majina si ushahidi. Kisha toa diski kwa utaratibu wa kompyuta kabla ya kuchomoa waya.

B isikae nyumba moja na A. Ipeleke kwa dada, kwa wazazi, ofisini kwenye droo yenye kufuli. Mwizi anayechukua laptopu huchukua na diski iliyo pembeni yake, na maji ya mafuriko hayachagui rafu. Ukiishi pwani, ifunge kwenye mfuko wa plastiki wa kubana pamoja na kipakiti cha silika, kile kinachokuja ndani ya boksi la viatu, kwa sababu hewa ya chumvi hula viunganishi.

Kila mwezi: simu kwenda A. Kila miezi mitatu: lete B, nakili, rudisha. Diski ikifika miaka mitano hivi, nunua mpya uhamishie, usingoje ilie.

Hatua ya 5: Nakala ya tatu, mtandaoni

Hii ni ya ziada, na kwa wengi bando ndilo linaloamua. GB 1 inapandisha kama picha 250. Weka kupakia kuwe kwa Wi-Fi tu, la sivyo utaamka bando limeisha.

Google inakupa GB 15 bure, lakini zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos. Ile ya "bure bila kikomo" iliisha tarehe 1 Juni 2021. Picha zilizopakiwa tangu hapo zinahesabiwa zote, hata ukichagua "Storage saver". Mpangilio huo unashusha picha iliyozidi megapikseli 16 na video iliyozidi 1080p, na unabana zilizobaki. iCloud ya bure ni GB 5. Kwa familia yetu ya picha 600 kwa mwezi, GB 15 zinaisha miezi sita. Kwa hiyo ama ulipie, ama upakie zile tu ambazo ungelia zikipotea.

Sasa kosa linalopoteza picha nyingi. Ukifuta picha ndani ya programu ya Google Photos, umeifuta simuni na mtandaoni pia. Watu wanafuta "ili kupunguza simu, si zipo mtandaoni", kumbe wanafuta huko mtandaoni. Kitufe sahihi ni "Free up space": kinaondoa simuni zile tu ambazo tayari zimepakiwa. Ukikosea, zilizokuwa zimepakiwa zinakaa kwenye pipa siku 60, ambazo hazikupakiwa siku 30.

Akaunti ya Google isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa na kila kilichomo. Akaunti uliyomfungulia baba mwaka ule na hakuna anayeikumbuka nywila iko kwenye hatari hiyo.

Hatua ya 6: Sasa safisha simu

Ikiwa A na B zote zimekaguliwa, linganisha idadi: bonyeza kulia kwenye folda ya simu na folda ya A, angalia hesabu ya mafaili, na ujue sababu ya tofauti, kama yale uliyoyachuja. Tofauti ikielezeka, futa simuni kuanzia za zamani. Bakiza miezi miwili ya karibuni na picha chache za kujivunia.

Hatua ya 7: Kutuma

Kwa maongezi ya kila siku, WhatsApp ya kawaida inatosha. Inashusha picha hadi kama pikseli 1600 upande mrefu, ambayo kwa skrini ya simu ni nzuri. Kitufe cha HD kinapunguza ubanaji, lakini bado kinabana. Ukitaka picha mama ifike yenyewe, itume kama dokumenti: alama ya kuambatisha, kisha "Document", kisha uchague picha kutoka kwenye mafaili. Faili linaweza kufika GB 2. Telegram nayo ina njia ya kutuma kama faili.

Dokumenti inakwenda na kila kitu kilichoandikwa ndani, pamoja na mahali picha ilipopigwa kama kamera ilikuwa ikirekodi mahali. Kwa shangazi hakuna neno. Kwa mnunuzi wa kochi lako usiyemjua, umempa ramani ya kuja kwako. Kwa wageni, WhatsApp ya kawaida ndiyo salama, kwa kuwa inazifuta hizo taarifa.

Mkiwa chumba kimoja msitumie bando kabisa. Quick Share kwa Android na AirDrop kwa iPhone zinapeleka picha mama bila kuibana.

Harusi ina shida yake: picha ziko kwenye simu arobaini, na nusu ya ukoo iko Muscat au Toronto. Fungua albamu ya pamoja Google Photos, ruhusu wengine waongeze, tuma linki kwenye kundi la harusi usiku uleule, kabla watu hawajaanza kufuta. Kuangalia hakuhitaji akaunti, kuongeza kunahitaji. Yafuatayo yasikupite:

- Yeyote mwenye linki anaiona albamu, na linki hurushwa. Picha za mabinti na watoto ambazo familia isingependa zizagae zisiwekwe humo. Uliza kwanza.
- Picha aliyoongeza binamu inabaki mali ya akaunti yake. Akiifuta, na wewe umeikosa. Ndani ya wiki, shusha zote uziweke diski A.
- Zikishakusanywa, funga linki.

Hatua ya 8: Kusafisha picha

Picha zinazodumu kwenye familia nyingi bado ni zile za karatasi, kwa hiyo tumia muda hapa.

Studio huchapa vizuri kwa pikseli 300 kwa kila inchi. Hadi 200 macho hayalalamiki. Vipimo vinavyotakiwa:

- 4x6: pikseli 1200 kwa 1800
- 5x7: 1500 kwa 2100
- 8x10: 2400 kwa 3000
- A4: 2480 kwa 3508

Hivyo picha iliyopita WhatsApp mara moja, yenye pikseli 1600 kwa 1200, inatoka vizuri kwa 4x6. Kwa 8x10 inabaki na pikseli 150 kwa inchi, hapo nyuso zinaanza kulegea, na kwa A4 ni mbaya zaidi. Skrinishoti ya Status usiipeleke kabisa. Kibaya kupita vyote ni picha ya wasifu ya WhatsApp, pikseli 640 kwa 640. Hiyo ndiyo watu hukimbilia msibani, saa nne usiku, inapotakiwa picha kubwa ya marehemu, na ikikuzwa A3 unabaki na pikseli 55 kwa inchi. Kila mzee wa familia mpige picha moja nzuri leo, uso kwenye kivuli cha mchana, ihifadhiwe kama picha mama. Hakuna haja ya kumwambia ni ya nini.

1. Nakili picha teule kwenye folda mpya. Usifanye kazi juu ya picha mama.

2. Kata mwenyewe. Kamera ya simu inapiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, karatasi ya 4x6 ni 3 kwa 2. Ili ijaze karatasi, asilimia 11 ya upande mfupi lazima iondoke, na usipoamua wewe, mashine itakata katikati na vilemba vitakwenda. Fungua kihariri cha simu, chagua uwiano wa 3:2, sogeza hadi vichwa na miguu vikae. Unapopiga picha ya kundi, acha nafasi juu na chini.

3. Ongeza mwanga kidogo. Skrini ya simu inawaka, karatasi haiwaki. Weka mwanga wa skrini nusu; picha ikionekana nyeusi hapo, itatoka nyeusi studio. Ngozi zetu ndizo zinazoumia: uso unaosomeka skrini ikiwa kamili unakuwa kivuli kwenye karatasi. Inua sehemu za giza, si picha nzima, la sivyo shela la bibi harusi litapoteza nakshi.

4. Hifadhi kama JPEG ya ubora wa juu, rangi za sRGB, mfumo wa rangi wa skrini. Usiigeuze CMYK, mfumo wa rangi za wino, hata kama fundi wa mabango alikuambia hivyo. Hiyo ni ya mashine zake.

5. Panga flashi kwa folda zinazojieleza: "4x6 glosi nakala 1", "4x6 glosi nakala 3", "8x10 mati nakala 1". Fundi mwenye foleni hatasoma karatasi yako, atasoma jina la folda.

6. Safisha tano kwanza. Zitoe nje, uzione kwa mwanga wa mchana, si chini ya taa ya dukani. Zikiwa nzuri, agiza zilizobaki.

Uliza inatumika karatasi gani. Mashine ya studio inayotumia karatasi ya picha na dawa inatoa picha inayostahimili unyevu kiasi. Printa ya wino ya steshenari ni sawa kwa haraka, lakini wino wa kawaida ukiguswa na maji unachuruzika. Mwambie fundi azime marekebisho ya rangi ya mashine ikiwa umeshahariri mwenyewe, la sivyo mtahariri mara mbili. Glosi, karatasi inayong'aa, ina rangi kali ila inashika alama za vidole. Kwa albamu inayopitishwa sebuleni, mati, isiyong'aa, ni bora. Kulaminishiwa fikiria mara mbili, kwa sababu hakurudi nyuma.

Andika nyuma kwa kalamu ya wino usiofutika, pembeni, na iache ikauke. Kalamu ya kawaida inaacha mchubuko unaoonekana mbele. Epuka albamu zenye kurasa za gundi. Baada ya miaka picha haitoki bila kuchanika. Tumia za mifuko, na usiziweke kwenye kabati linaloegemea ukuta wa nje, kwani masika yakifika ndiko ukungu unakoanzia.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Kompyuta haioni simu.* Simu imefungwa, hujachagua kuhamisha mafaili, au waya ni wa kuchaji tu. Jaribu kwa mpangilio huo.

*Picha za iPhone hazifunguki studio.* Ziko kwenye HEIC, aina ya faili inayotumiwa na iPhone. Zigeuze JPEG kabla ya kwenda. Kwa picha zijazo, ingia Settings, Camera, Formats, uchague "Most Compatible". Zitakula nafasi zaidi.

*Folda zote kwenye flashi zimegeuka njia za mkato baada ya kutoka steshenari.* Ni kirusi. Folda zako zipo, zimefichwa. Usibonyeze njia hizo. Changanua flashi kwa antivirusi, kisha kama flashi ni F, andika: attrib -h -r -s /s /d F:\*.* na folda zitajitokeza. Nakili picha, futa flashi yote. Diski A na B hazipaswi kugusa kompyuta ya watu wengi.

*Picha zote zina tarehe ya leo.* Unaangalia tarehe ya kunakiliwa. Panga kwa tarehe ya kupigwa, ile iliyo ndani ya picha.

*Nusu ya chini ya picha ni kijivu.* Kunakili kulikatika. Faili hilo halitengenezeki, chukua lile la diski nyingine au la simuni.

*Kompyuta inasema diski inahitaji kufomatiwa.* Kataa. Badilisha waya, badilisha tundu, jaribu kompyuta nyingine. Ikiendelea, programu za TestDisk na PhotoRec zinaweza kuvuta picha, lakini kilichookolewa kiandikwe kwenye diski nyingine, kamwe si ileile.

*Umefuta kadi ya kamera kimakosa.* Itoe sasa hivi na usipige hata picha moja zaidi. Kilichofutwa kipo mpaka kiandikwe juu. PhotoRec tena.

*Diski inagonga tik-tik na haifunguki.* Ichomoe na usiiwashe tena kujaribu, kila kuwasha kunaweza kukwaruza sahani. Usimpe mtu aifungue mezani kwake, ndani kunahitaji chumba kisicho na vumbi. Kama B ipo, nunua diski mpya leo na unakili kutoka B kabla ya kufanya kingine chochote. Kama B haipo, kilichobaki ni mtaalamu wa kuokoa data, na bei yake inaweza kuzidi ya diski B mara nyingi.